Mtoto wa Butetown na Mkataba wa Pauni 3,000

Msikilizaji, mezani palikuwa na noti za pauni tano tano, zimepangwa hadi zikafika pauni 1,000. Ilikuwa Machi 1953, nyumbani kwa familia ya Boston katika mtaa wa Butetown, kando ya bandari ya Cardiff, kusini mwa Wales. Waliozipanga noti zile walikuwa viongozi wa klabu ya raga ya Wigan, waliofunga safari kutoka kaskazini mwa Uingereza kumfuata kijana wa miaka 18 aitwaye Billy. Kijana mwenyewe hakutaka kwenda. Mama yake, Nellie, naye hakutaka aende, akatafuta njia ya kuwakatisha tamaa wageni bila ya ugomvi: akawatajia bei aliyoamini itawaondoa, pauni 3,000. Nyakati zile fedha hizo zilitosha kununua nyumba. Wageni wakakubali papo hapo. Mama akamwambia mwanawe kwamba neno limeshatoka, na neno likitoka halirudi. Itabidi atie sahihi. Billy Boston ameisimulia habari hii mara nyingi maishani mwake. Alisaini kwa shingo upande.

Leo nataka tuzungumze juu ya kilichofuata baada ya sahihi ile, kwa sababu naiona kazi ya Billy Boston kuwa mojawapo ya kazi kubwa kabisa alizowahi kufanya mwanamichezo mwenye damu ya Afrika huko Uingereza, na kwetu huku jina lake halitajwi hata na watu wanaofuatilia raga kila Jumamosi. Nadhani sababu ni hii: aliicheza raga ambayo sisi hatukuletewa.

Raga tuliyoletewa Afrika Mashariki ni ile ya wachezaji 15, pamoja na ndugu yake mdogo wa wachezaji saba, aliyetupa raha kubwa. Waliomshangilia Collins Injera mwaka 2016, alipofika kileleni mwa orodha ya wafungaji wa trai katika mashindano ya dunia ya wachezaji saba, wanajua trai ni nini na winga hufanya kazi gani. Lakini ipo raga nyingine, ya wachezaji 13, inayoitwa raga ya ligi. Makao yake ni miji ya viwanda ya Lancashire na Yorkshire, halafu Australia, New Zealand, Papua New Guinea na kusini mwa Ufaransa. Mpira wake unafanana na huu tuujuao, na trai ni trai. Tofauti ni kwamba aliyeangushwa akiwa na mpira hainuki katikati ya fungu la watu wanaougombania. Huachiwa asimame, auviringishe mpira kwa mguu nyuma yake, mwenzake auokote na mchezo uendelee. Hakuna kurusha mpira kutoka pembeni. Ni mchezo wa kukimbia, kugongana, kuanguka, kuinuka na kugongana tena, dakika 80.

Kwa nini raga ikawa mbili? Kwa sababu ya ujira. Katika miaka ya 1880 na 1890 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijaa wachimba makaa ya mawe, wafanyakazi wa viwanda vya pamba na sufu, na makuli. Hao walifanya kazi hadi Jumamosi mchana. Kuondoka mapema kwenda kucheza mechi kulikuwa na maana ya kukatwa mshahara, na kwa mtu mwenye watoto nyumbani mkato ule ulikuwa chakula. Klabu zao zikaomba jambo dogo: mchezaji afidiwe ujira alioupoteza kwa kuacha zamu. Waliokuwa wakiuongoza mchezo, wengi wao watu wa shule za kitajiri za kusini, walikataa. Katika mkutano wa London mwaka 1893 hoja ile ilishindwa kwa kura 282 dhidi ya 136. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitoa na kuunda chama chao. Waliruhusu fidia ya hadi shilingi sita kwa siku ya kazi iliyopotea. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 ili mchezo upate nafasi ya kukimbia. Mgawanyiko wote ule ulianzia kwenye mfuko wa mshahara wa mchimba makaa.

Waliobaki upande wa pili hawakusamehe. Yeyote aliyesaini na klabu ya raga ya ligi alifungiwa na raga ya wachezaji 15 maisha yake yote. Hakuruhusiwa kuicheza tena wala kuifundisha, na zipo klabu ambazo hata milango yao ya wageni ilifungwa kwake. Vijana wa Wales ndio waliouhisi ukali huo zaidi kuliko watu wengine wote, kwa sababu Wales raga ya 15 ni kama dini, na wakati huohuo umaskini wa mabonde ya makaa ulikuwa ukiwasukuma kaskazini mmoja mmoja. Walikuwa na namna yao ya kulisema jambo hilo: fulani amekwenda kaskazini. Basi ilikuwa imetosha. Majirani walielewa kwamba amekwenda kulipwa, na kwamba jezi nyekundu ya Wales hataivaa kamwe.

Jezi ile ndiyo iliyomfanya Billy asite siku ile mezani. Alitamani kuichezea klabu kubwa ya jiji lake, Cardiff, halafu aichezee Wales. Uwanja wa Cardiff Arms Park ulikuwa mwendo wa miguu kutoka kwao. Na kipaji chake hakikujificha: alikuwa nahodha wa timu ya wavulana wa jiji, alichezea timu ya mtaani kwao iliyojulikana kwa herufi za CIACS, na klabu ya Neath ilimpa nafasi. Klabu ya Cardiff haikumwita.

Hapa lazima nieleze Butetown ni wapi, msikilizaji, maana bila ya mtaa huo habari hii haina mizizi. Cardiff ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za makaa ya mawe duniani. Meli za mvuke zilizopita katika bahari zote, ikiwamo hii yetu, zilihitaji makaa, na makaa ya Wales yalisifika. Meli ziliita mabaharia, na mabaharia walitoka kila pembe: Somalia, Yemen, visiwa vya Karibi, Cape Verde, Malta, Norway, Afrika Magharibi. Wengi walioa huko na kubaki. John Boston, baba yake Billy, alikuwa baharia kutoka Sierra Leone. Nellie alikuwa mwanamke wa Cardiff mwenye asili ya Ireland. Walijaliwa watoto 11, na Billy, aliyezaliwa tarehe 6 Agosti 1934, alikuwa wa sita. Mtaa ule watu wa nje waliuita Tiger Bay na kuusimulia kwa hofu. Waliokulia humo wamekuwa wakisema daima kwamba ndani ya mtaa hakuna aliyeulizwa rangi wala dini yake. Swali lilianza ukivuka daraja la reli kuingia mjini.

Na swali hilo halikuwa la maneno matupu. Mwaka 1919 magenge ya wazungu yalivamia nyumba za mabaharia weusi na Waarabu, watu wakauawa. Septemba 1952, miezi sita tu kabla ya mkataba wa Billy, Msomali aliyekuwa baharia, Mahmood Mattan, alinyongwa katika gereza la Cardiff kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Ilichukua hadi 1998 kwa mahakama ya rufaa kuifuta hukumu ile. Katika jiji hilohilo, mwaka uleule, kijana mweusi mwenye miguu ya dhahabu anangojea klabu ya jiji imwite, na haimwiti. Mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya Wales katika raga ya 15 alisubiriwa hadi miaka ya 1980. Mimi siamini kwamba kwa miaka yote ile Butetown ilikosa mchezaji wa kiwango hicho. Mitaa ile ya bandari ilitoa wachezaji, wakapanda treni.

Alipoitwa kwenye utumishi wa jeshi, Billy aliwekwa katika kikosi cha mawasiliano kambini Catterick, Yorkshire, jirani kabisa na maskauti wa raga ya ligi. Katika fainali ya kombe la jeshi alifunga trai sita. Habari zikafika kila mahali. Alipocheza mara ya kwanza Wigan, vuli ya 1953, ilikuwa ni kwenye kikosi cha akiba. Hata hivyo maelfu ya watu walijitokeza kumwona tu yule mtoto aliyenunuliwa kwa pauni 3,000. Novemba akapandishwa kikosi cha kwanza.

Kisha mambo yakaenda kwa kasi ambayo hata leo, yakitazamwa kwenye karatasi, yanashangaza. Alikuwa amecheza mechi sita tu za kikosi cha kwanza alipochaguliwa kwenda na timu ya taifa ya Uingereza katika ziara ya Australia na New Zealand ya 1954. Alikuwa na miaka 19. Hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kuchaguliwa kwa ziara hiyo kabla yake. Mwaka 1946 Roy Francis, winga mwingine mweusi kutoka Wales, aliachwa, na inajulikana kuwa sababu ilikuwa rangi yake. Waliochagua waliogopa vile Australia ingepokea. Miaka minane baadaye Boston akaenda, akacheza mechi 18, akafunga trai 36. Kabla yake hakuna mchezaji wa ziara hizo aliyewahi kufunga trai nyingi kiasi hicho. Katika mchuano wa kwanza dhidi ya New Zealand mjini Auckland alifunga nne peke yake.

Alifungaje? Winga wa kawaida wa zama zile alikuwa mwembamba, mwepesi, anayekwepa. Amesimama ubavuni mwa mstari wa pembeni, na mguu wake ukiugusa mstari ule shambulio limekufa. Kazi yake ni kupita kwenye uchochoro ambao wapinzani wawili au watatu wanaukimbilia kuuziba. Boston alikuwa na wepesi huo: alikuwa na hatua ya kando iliyomwacha mkabaji akikumbatia hewa. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda mwili wake ulijaa hadi kilo 90 na ushei, na kasi haikupungua. Basi mkabaji alipewa machaguo mawili, yote mabaya. Ukimsubiri kwa utulivu anakukwepa. Ukijitupa mbele yake anakupitia juu. Alikuwa na kiganja kigumu cha kumsukumia mtu mbali. Na Wigan ilipokuwa ikijilinda, hakukaa pembeni kusubiri. Alikuwa akiingia ndani kwa kasi kumgonga mtu mwenye mpira, na mgongano huo mashabiki waliupenda karibu sawa na trai. Ongeza hapo kwamba ligi ilichezwa majira ya baridi, uwanjani tope, mpira wa ngozi ukinywa maji na kuwa mzito, na kwamba hadi 1966 hapakuwa na kikomo cha mara ngapi timu ingeangushwa kabla ya kuachia mpira. Winga angeweza kukaa nusu saa nzima bila ya kuugusa, mwili unapoa, kisha anarushiwa mpira mmoja na anatakiwa autumie.

Kwa miaka mingi mtu wa kumrushia mpira huo alikuwa Eric Ashton, kijana wa St Helens aliyejiunga na Wigan 1955, mtulivu, mwenye macho ya kuona mbele. Ashton alikuwa na ustadi wa kumvuta mkabaji amfuate yeye, halafu kuuachia mpira wakati ambapo Boston ameshaanza kukimbia. Kwa wapenzi wa mchezo huo, majina yao mawili hutajwa kwa pumzi moja hadi leo. Wigan ilishinda kombe uwanjani Wembley mwaka 1958, 1959 na 1965, na Boston alikuwamo mara zote tatu. Hesabu yake ya mwisho Wigan ni trai 478 katika mechi 488. Timu ya taifa, mechi 31, trai 24. Ukijumlisha maisha yake yote ya uchezaji, ni trai 571, na katika historia yote ya raga ya ligi Uingereza aliye juu yake ni mmoja tu, Brian Bevan, Mwaustralia aliyefanya makao yake Warrington na kufunga 796.

Sasa niwapeleke mwaka 1957, mahali ambapo sitaki kupaharakisha.

Kombe la Dunia la mwaka ule lilichezwa Australia. Baada ya mashindano, timu za Uingereza na Ufaransa zilikubali kupitia Afrika Kusini njiani kurudi, zicheze mechi za maonyesho, kuutangaza mchezo. Afrika Kusini ilikuwa mikononi mwa makaburu, na sheria zao hazikumruhusu mtu mweusi kucheza na wazungu uwanja mmoja, kulala nao hoteli moja, kula nao meza moja. Viongozi wa raga ya ligi ya Uingereza walikuwa na machaguo. Wangeweza kusema timu yetu ni hii, na winga wetu ni huyu. Mkimkataa yeye mmetukataa sote, tunapanda ndege twende kwetu. Hawakusema hivyo. Timu ilikwenda Afrika Kusini, na Billy Boston, mwenye miaka 22, mmoja wa wachezaji hodari kabisa waliokuwamo, alirudi Uingereza peke yake.

Nimekuwa nikiusifu mchezo huu tangu tulipoanza, na nitaendelea kuusifu, lakini jambo hili siwezi kulipaka rangi. Mchezo uliozaliwa kwa sababu watu fulani walikataa kumwona mfanyakazi kuwa mwenzao, ulipofika zamu yake ya kusimama na mwenzao, uliangalia mapato ya mlangoni. Miaka 11 baadaye, 1968, ilikuja habari ya Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town aliyechezea Uingereza kriketi. Wakubwa wa kriketi walimwacha kwanza, watu wakapiga kelele, akaitwa, serikali ya Vorster ikamkataa, na ziara ikafutwa. Habari hiyo ikazunguka dunia nzima. Ya Boston haikuzunguka. Hapakuwa na kelele, wala ziara iliyofutwa. Ni mtu mmoja na sanduku lake katika kiwanja cha ndege, na wenzake wanaelekea upande mwingine.

Wigan walimpokea vipi? Hapa nina furaha ya kusema ukweli wa kinyume. Mji ule wa makaa na pamba ulimchukua akawa wao. Alimwoa Joan, msichana wa Wigan, wakalea watoto wao huko. Alipotundika daluga na Wigan mwaka 1968, na kumalizia mechi chache na Blackpool mwaka uliofuata, hakurudi kusini. Kwa miaka kadhaa aliendesha baa ya Griffin, karibu na uwanja wa Central Park alikofungia trai zile. Shabiki aliyewahi kumpigia makofi Jumamosi aliweza kuingia jioni yoyote na kuhudumiwa na Boston mwenyewe.

Baadhi yenu mtauliza: mtu aliyefunga trai 571, kwa nini auze bia? Kwa sababu mchezaji wa kulipwa wa zama zile hakuwa tajiri. Alilipwa kwa mechi, zaidi timu ikishinda, kidogo ikishindwa, na wengi wao walikuwa na kazi nyingine za mchana, mgodini, kiwandani, kwenye malori. Ada kubwa ya usajili ililipwa mara moja tu katika maisha. Kulipwa kulikuwa na maana kwamba mwili wako una bei, na goti likivunjika bei hiyo inashuka siku ileile. Wachezaji wetu wanalielewa hili. Ukitazama Kombe la Kenya, utaona timu ya benki ya KCB, utaona Kabras ya kampuni ya sukari kule Kakamega. Nyuma ya jina la timu kuna mwajiri. Raga ya 15 yenyewe ilikubali rasmi kulipa wachezaji Agosti 1995, miaka 100 baada ya ule mkutano wa Huddersfield. Kwa karne nzima waliita malipo aibu, kisha wakayafanya kawaida, na marufuku ya maisha iliyowafunga akina Boston ikaondolewa bila ya sherehe.

Ninavyoona mimi, malipo yale yaliyodharauliwa ndiyo yaliyofungua mlango. Klabu iliyotoa pauni 3,000 mfukoni haiwezi kumweka mtu benchi kwa sababu ya rangi yake halafu ikawaeleza wanachama kwa nini inafungwa. Mapenzi ya haki yalikuwapo kwa baadhi ya watu, siyakatai, lakini hesabu ilisaidia. Kwenye mchezo wa ridhaa, ambapo watu walichaguana kwa kujuana shuleni na klabuni, mtoto wa baharia wa Sierra Leone hakuwa na mjomba wa kumtaja.

Ndiyo maana hakuwa peke yake. Roy Francis, yule aliyeachwa 1946, alikuja kuwa kocha wa Hull katika miaka ya 1950, na wanahistoria wa michezo humtaja kuwa mweusi wa kwanza kufundisha timu ya kulipwa Uingereza. Aliwapa Hull ubingwa wa ligi 1956 na 1958, kisha akaipeleka Leeds kushinda kombe Wembley mwaka 1968. Clive Sullivan, mzaliwa wa Cardiff aliyefanyiwa upasuaji wa miguu utotoni, alikuwa nahodha wa Uingereza mwaka 1972, mweusi wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Novemba mwaka ule, mjini Lyon, Ufaransa, fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Australia, aliudaka mpira ndani ya nusu yake na kukimbia karibu uwanja mzima hadi kufunga. Mchezo uliisha 10 kwa 10 baada ya muda wa nyongeza, na Uingereza ikatwaa kombe kwa kuwa na pointi nyingi zaidi katika hatua ya awali. Hakuna timu ya Uingereza iliyolitwaa tena kombe hilo tangu siku ile. Sullivan alifariki 1985 kwa saratani, ana miaka 42 tu, na barabara kuu ya kuingia Hull kutoka magharibi imepewa jina lake.

Na heshima za taifa? Eric Ashton, mwenzake Boston, alipata nishani ya MBE mwaka 1966. Ashton alistahili, alikuwa nahodha wa klabu na wa taifa. Boston aliipata nishani hiyohiyo mwaka 1996. Miaka 30 katikati. Wigan hawakusubiri serikali. Mashabiki walichanga fedha, na mwaka 2016 sanamu yake ikasimamishwa katikati ya mji. Cardiff ilichelewa zaidi. Ni wakazi wa Butetown wenyewe waliodai kwamba watoto wao walioondoka wakumbukwe nyumbani, na Julai 2023 sanamu ya watu watatu ilizinduliwa kando ya bandari: Boston, Sullivan, na Gus Risman, mtoto wa wahamiaji kutoka Latvia aliyeng'ara kaskazini kabla yao. Jiji lililoshindwa kumwita Billy kucheza lilimwita akiwa na miaka 88.

Tarehe 10 Juni 2025, katika kasri la Buckingham, Mfalme Charles alimpa cheo cha Sir. Katika miaka 130 ya raga ya ligi, alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa kupewa. Wacheza kriketi wamepewa, wa kandanda, wa tenisi, wapiga makasia, wa raga ya 15. Huu mchezo wa wachimba makaa ulisubiri hadi pale. Na Sir Billy alipopewa cheo hicho alikuwa na miaka 90, na kwa karibu miaka tisa alikuwa akiishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Familia yake ililisema jambo hilo hadharani tangu 2016, na nawashukuru kwa ujasiri huo, kwa sababu wapo wachezaji wengi wa zamani wa raga, ya 13 na ya 15, wanaopitia njia hiyohiyo kimya kimya. Mwili ulioangushwa na kuinuka maelfu ya mara una kumbukumbu zake. Siwezi kusema maradhi ya Boston yalitoka uwanjani. Madaktari wake ndio wa kulisema hilo. Ninachojua ni kwamba kundi la wachezaji wa zamani wa raga ya ligi wamefungua mashtaka dhidi ya wasimamizi wa mchezo wao, wakidai hawakulindwa ipasavyo na madhara ya kugongwa kichwani, na miongoni mwao wamo watu wasiofika miaka 50.

Kwa hiyo nikitazama maisha ya mchezaji wa kulipwa, nawaomba na nyinyi mnaoongoza klabu zetu, mnaosaini vijana wa Kakamega, Nakuru, Kampala na kwingineko, mtazame mkataba mpaka ukurasa wake wa mwisho. Mwulizeni daktari wa timu ni mara ngapi kijana aliyeyumba baada ya kugongwa alirudishwa uwanjani mechi ileile. Jueni nani atamlipia matibabu akifika miaka 60. Mama yake Billy, kwa bei aliyodhani haiwezekani, alimpatia mwanawe thamani ambayo wakubwa wa jiji lake hawakuiona, na Wigan walilipa hadi pauni ya mwisho. Hao wanaolipa leo wana jambo moja zaidi la kulipia, nalo haliwezi kupangwa mezani siku ya kusaini.